Priprosesa ikigoma: namna ya kumsaka mchawi unapojenga programu kwenye Linux na ndugu zake

Saa nne usiku kijana mmoja alinitumia picha ya skrini, kaipiga kwa simu, imepinda na nusu ya juu haionekani. "Shikamoo kaka. Configure inagoma na nimeshasakinisha kila kitu." Configure ni skripti inayoikagua mashine kabla ya kujenga programu. Kilichosomeka ni hiki tu:

    configure: error: C++ preprocessor "/lib/cpp" fails sanity check
    See `config.log' for more details

Nikamwitikia, kisha nikamwomba anitumie faili la `config.log` lote, si picha. Dakika tano baadaye kazi ilikuwa imekwisha. Kilichokosekana ni kifurushi kimoja. Yeye alikuwa anahangaika tangu mchana: ameing'oa kompaila (inayogeuza msimbo kuwa programu), ameirudisha, amesakinisha upya kifurushi cha `cpp` mara tatu kwa kuwa ujumbe ulitaja `/lib/cpp`. Na `/lib/cpp` ilikuwa nzima kabisa, haina kosa lolote.

Matatizo ya priprosesa ndivyo yalivyo. Anayepiga kelele siye mwenye kosa. Hapa naeleza njia ninayoipita mimi tangu kosa linapotokea hadi linapopatikana. Mifano mingi ni ya kompaila ya GCC kwenye Linux, lakini kompaila nyingine iitwayo Clang inakubali karibu swichi zote hizi, kwa hiyo wenye macOS na FreeBSD nao wamo.

Ujue kwanza unashughulika na nani

Priprosesa hupita kwenye msimbo wa C au C++ kabla kompaila haijaanza kuuelewa. Ni kazi ya karani. Akikuta `#include` analeta faili lile na kulibandika palepale. Akikuta `#define` anaandika hiki mahali pa kile. Akikuta `#if` anaacha kipande au anakikata. Hajui aina za data wala funksheni, anajua maneno tu. Ilipoanza kwenye Unix ya miaka ya 1970 iliweza mambo mawili: kuingiza mafaili, na kubadilisha makro (majina ya `#define`) zisizo na vigezo. Masharti na makro zenye vigezo vilikuja baadaye, lakini ukarani wake haujabadilika.

Kwenye GCC ya leo priprosesa si programu ya pembeni. Ukiita `cpp` au `gcc -E`, anayefanya kazi ni `cc1`, yuleyule anayekompaili C. Kwa C++ ni `cc1plus`. Kwa hiyo ukiona `cannot execute 'cc1plus'`, usitafute mbali: kompaila ya C unayo, ya C++ huna.

Kuna jina moja linaloangusha watu wengi. `CPP` si kifupi cha C++. Ni amri ya priprosesa, na `CPPFLAGS` ni swichi za priprosesa. Za C++ ni `CXX` na `CXXFLAGS`. Nimewahi kuona `.bashrc` yenye `export CPP=g++`, mwenyewe keshasahau aliiweka lini, na kila `./configure` kwenye mashine ile ilikufa mahali palepale. Kagua vigeu vyako vya mazingira kabla ya jambo lingine lolote:

    env | grep -E '^(CC|CXX|CPP|CFLAGS|CXXFLAGS|CPPFLAGS|CPATH|C_INCLUDE_PATH|CPLUS_INCLUDE_PATH)='

Ikitokea kitu usichokumbuka kukiweka, kiondoe kwa `unset` ujaribu tena.

Hatua ya 1: jaribu kitu kidogo kuliko vyote

Weka pembeni mradi mkubwa. Iulize mashine yenyewe:

    echo '#include <limits.h>' | gcc -E - > /dev/null && echo sawa
    echo '#include <vector>' | g++ -x c++ -E - > /dev/null && echo sawa

Mstari wa kwanza ukigoma, mashine haina heda (mafaili ya `.h` yanayotangaza funksheni) za laibrari ya C, na hakuna mradi utakaojengeka hapo. Hili linashangaza watu: "Lakini gcc ninayo!" Ndiyo, unayo. Kwenye Debian na Ubuntu kifurushi cha `gcc` hakilazimishi `libc6-dev`, kinakipendekeza tu. Ukisakinisha kwa `--no-install-recommends`, kama wanavyofanya wanaotengeneza kontena ndogo, unabaki na kompaila isiyoijua hata `stdio.h`. Alpine nako ni vilevile: `apk add gcc` bila `musl-dev` haikufikishi popote.

Dawa inategemea mfumo:

    sudo apt install build-essential                     # Debian, Ubuntu
    sudo dnf install gcc gcc-c++ make glibc-devel        # Fedora
    apk add build-base                                   # Alpine
    xcode-select --install                               # macOS

FreeBSD huja na Clang yake, kwa hiyo hapo tulia. Kwenye macOS, jua kwamba tangu toleo la 10.14 la mwaka 2018 heda hazikai tena `/usr/include`. Zimo ndani ya SDK (kifurushi cha Apple cha kujengea programu), na `xcrun --show-sdk-path` inakuonyesha ilipo. Ukisasisha mfumo kisha ukaanza kuona `invalid active developer path`, endesha tena ule mstari wa `xcode-select`.

Mstari wa kwanza ukisema "sawa" na wa pili ukagoma, umefika alipokuwa kijana wangu: hana `g++`.

Hatua ya 2: fungua config.log, usome kuanzia juu

Skripti ya `configure` haiamini neno la mtu. Ikitaka kujua kama priprosesa inafanya kazi, inaandika faili dogo liitwalo `conftest.c` na kuijaribu. Jaribio la kwanza linaingiza `limits.h`, na chini yake kuna maneno `Syntax error`, hivyohivyo. Priprosesa inatakiwa ipite bila kulalamika, kwa kuwa sarufi si kazi yake. Jaribio la pili linaingiza heda isiyokuwepo popote duniani, `ac_nonexistent.h`, na hapo inatakiwa ishindwe. Ikipita yote mawili kama ilivyotakiwa, imefaulu.

Ndani ya `config.log`, basi, utakutana na mstari kama huu:

    conftest.c:9:10: fatal error: ac_nonexistent.h: No such file or directory

Huu si ugonjwa wako. Ni swali la mtego, na priprosesa imejibu vizuri. Watu wanapoteza saa nzima kutafuta kifurushi chenye `ac_nonexistent.h`. Hakipo.

Mstari wa kweli uko juu zaidi. Kwa kijana wangu ulikuwa huu, mamia ya mistari kabla ya kile kilio cha mwisho:

    configure:3512: checking for g++
    configure:3542: result: no

Skripti ilitafuta kompaila ya C++, haikuipata, ikaendelea kimyakimya ikidhani pengine haitahitajika. Ilipofika zamu ya priprosesa ya C++ ikajaribu `g++ -E`, ikakosa, ikaangukia jina la mwisho kwenye orodha yake, yaani `/lib/cpp` ya kale. Nayo `/lib/cpp` ilimhitaji `cc1plus`, naye hayupo. Ndiyo maana jina lililofika kwenye skrini ni la asiyehusika.

Ukitaka kupita haraka:

    grep -nE 'error|not found|No such file|cannot execute' config.log | head -20

Chukua wa kwanza usioeleweka, fungua faili kwenye namba ya mstari huo, soma mistari ishirini juu yake na ishirini chini. Utaona amri kamili iliyoendeshwa na hata msimbo wa jaribio lenyewe. Unaweza kuinakili amri hiyo na kuiendesha kwa mkono wako.

Hatua ya 3: heda haipatikani

`fatal error: kitu.h: No such file or directory`. Clang husema `'kitu.h' file not found`. Hili ndilo kosa linalotokea kuliko yote, na lina sura nne.

Sura ya kwanza, heda haijasakinishwa. Mfano unaojulikana na kila aliyewahi kutumia `pip` ni `Python.h`. Python yenyewe ipo na inafanya kazi, lakini heda zake ziko kwenye kifurushi cha pembeni: `python3-dev` kwa Debian na Ubuntu, `python3-devel` kwa Fedora. Desturi ni hiyohiyo kwa laibrari karibu zote, mkia wa `-dev` huku na `-devel` kule. Arch na FreeBSD hawagawi hivyo, heda zinakuja pamoja na laibrari. Kama hujui heda fulani imo kwenye kifurushi gani, uliza:

    apt-file update && apt-file search ncurses.h
    dnf provides '*/ncurses.h'
    pacman -Fy && pacman -F ncurses.h

Tahadhari ya bando: `apt-file update` inapakua orodha ya mafaili ya vifurushi vyote vilivyomo kwenye hazina. Si nyepesi. Ifanye ukiwa kwenye Wi-Fi ya mtu. Na usidanganyike na `dpkg -S`, hiyo inajua tu yale ambayo tayari yamo ndani ya mashine yako.

Sura ya pili, heda ipo lakini mahali pengine. Kwenye FreeBSD vifurushi vyote huenda `/usr/local`, na kompaila ya mfumo haitafuti huko mpaka uiambie. Homebrew kwenye Mac za chipu ya Apple hutumia `/opt/homebrew`. Kwa `configure`, andika hivi:

    ./configure CPPFLAGS=-I/usr/local/include LDFLAGS=-L/usr/local/lib

Hata kwenye Linux kuna laibrari zenye folda yake. GLib ndiyo darasa zuri. `glib.h` imo ndani ya `/usr/include/glib-2.0`. Unaongeza `-I/usr/include/glib-2.0`, unashangilia, halafu inakuambia `glibconfig.h` haipo. Hiyo imekaa kwenye folda tofauti kabisa, chini ya `/usr/lib`, kwa sababu inategemea aina ya prosesa. Ukizibandika moja moja utachoka. Mwachie anayejua:

    gcc $(pkg-config --cflags glib-2.0) -c programu.c

`pkg-config` ikisema haiijui laibrari uliyoisakinisha mwenyewe, tafuta faili lake la `.pc` na uweke folda hiyo kwenye `PKG_CONFIG_PATH`.

Sura ya tatu, heda ilikuwepo, ikaondolewa. Hapa hutapata kifurushi hata ukeshe. `sys/sysctl.h` iliondolewa kwenye glibc (laibrari ya C ya Linux nyingi) toleo la 2.32 mwaka 2020, na programu nyingi za zamani ziliingiza heda hiyo kwa mazoea bila hata kuitumia. Mara nyingi dawa ni kufuta mstari ule wa `#include`, au kuuzungushia sharti usionekane kwenye Linux. Alpine inatumia musl, laibrari nyingine ya C, na musl haina `sys/cdefs.h` wala `sys/queue.h`. Zimo kwenye `bsd-compat-headers`.

Sura ya nne ni ya prosesa. Ukikompaili kwa `-m32` kwenye mashine ya biti 64 ukaona `bits/libc-header-start.h` haipo, unakosa heda za biti 32. Sakinisha `gcc-multilib` kwa Debian na Ubuntu, `glibc-devel.i686` kwa Fedora.

Hatua ya 4: iulize inatafuta wapi, na imeokota nini

Wakati mwingine heda inapatikana, ila siyo ile uliyoitaka. Hii inauma kuliko kukosa, maana kosa linatokea mbali na chanzo chake. Anza na hii:

    echo | gcc -E -v - 2>&1 | sed -n '/search starts/,/End of search/p'

Utapata orodha ya folda kwa mpangilio wa kutafutwa. Kwenye Debian ya kawaida ni folda ya GCC yenyewe, kisha `/usr/local/include`, kisha `/usr/include/x86_64-linux-gnu`, mwisho `/usr/include`. Angalia mpangilio huo vizuri: `/usr/local/include` iko mbele ya `/usr/include`. Chochote ulichowahi kukisakinisha kwa `make install`, hata kama ni cha miaka mitano iliyopita, kinaiziba heda ya mfumo.

Yalinipata mimi mwenyewe. Programu ilidai haiijui `gzfread`, na zlib ya mfumo wangu ilikuwa mpya kabisa. Nilisakinisha upya `zlib1g-dev`, wapi. Nilipoiuliza vizuri ikajibu:

    $ echo '#include <zlib.h>' | gcc -E -H - > /dev/null
    . /usr/local/include/zlib.h
    .. /usr/local/include/zconf.h
    $ echo '#include <zlib.h>' | gcc -E -dM - | grep 'define ZLIB_VERSION'
    #define ZLIB_VERSION "1.2.8"

Swichi ya `-H` inachora mti wa heda: kila nukta ni ngazi moja ndani. `-dM` inatoa makro zote zilizobaki mwishoni. Zlib 1.2.8 ni ya mwaka 2013, na `gzfread` ilikuja na 1.2.9. Nilikuwa nimeijenga kwa mkono zamani kwa ajili ya kazi nyingine na sikuiondoa. Nilifuta mafaili yale, kazi ikaendelea.

Mitego mingine miwili ya mpangilio, ya haraka. Ukiweka `-isystem /usr/include` (baadhi ya mafaili ya CMake, mfumo wa kujengea programu, hufanya hivyo bila wewe kujua) msimbo wa C++ utalalamika kwamba `cstdlib` haiioni `stdlib.h`. Heda za C++ hutumia `#include_next`, yaani "nipe inayofuata kwenye foleni", na wewe umeivuruga foleni. Ondoa swichi hiyo. Na kwenye macOS, ambako diski kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo, mradi wenye faili liitwalo `VERSION` pamoja na swichi ya `-I.` unaweza kufa kwa makosa ya ajabu: heda ya kawaida ya C++ iitwayo `<version>` inatafutwa, na faili lako lenye namba ya toleo ndilo linaloingizwa kama msimbo. Libadilishe jina, liwe `VERSION.txt`.

Hatua ya 5: litoe faili la .i ulisome

Heda zote ziko sawa na bado msimbo unakataa? Sasa angalia kile ambacho kompaila inakiona hasa, baada ya karani kumaliza kazi yake.

Kwanza ipate amri kamili. Miradi mingi huificha. Jaribu `make V=1`. Kwa CMake ni `make VERBOSE=1`, kwa Ninja ni `ninja -v`. Kama mstari unaanza na `libtool --mode=compile`, chukua kuanzia `gcc` tu. Endesha amri hiyo ukibadilisha vitu viwili, `-c` iwe `-E` na jina la `.o` liwe `.i`:

    gcc -DHAVE_CONFIG_H -I. -Iinclude -O2 -E -o nakili.i nakili.c

Usibadilishe kingine. Swichi zote za `-D` na `-I` zibaki, kwa sababu pengine tatizo limo humo.

Faili litakalotoka ni refu, maana programu ya mistari mitano yenye `stdio.h` inatoa mamia ya mistari. Usiogope, anza kusoma kutoka mwisho, msimbo wako uko chini kabisa. Mistari inayoanza na `# 1 "/usr/include/stdio.h" 1 3 4` ni alama za njia: namba ya mstari, jina la faili, kisha namba za hali. Hali 1 ni "tumeingia kwenye faili hili", 2 ni "tumerudi", 3 ni "hii ni heda ya mfumo".

Mfano mmoja wa karibu. Mradi ulikuwa unahamishwa kutoka Autoconf (inayotengeneza `configure`) kwenda CMake, na kwenye mashine ya zamani linka (inayounganisha vipande vya programu) ikalia `undefined reference to 'strlcpy'`. Ndani ya `nakili.c`:

    #ifdef HAVE_STRLCPY
      strlcpy(dst, src, n);
    #else
      nakili_salama(dst, src, n);
    #endif

Mashine haina `strlcpy`, kwa hiyo ungetarajia kipande cha pili. Kwenye `nakili.i` kilibaki cha kwanza. Kwa nini? Faili la `config.h` liliandikwa hivi:

    #define HAVE_STRLCPY 0

Autoconf, kitu kisipokuwepo, huacha makro bila kuifafanua. CMake ukitumia `#cmakedefine01` huandika 0 au 1. Na `#ifdef` haiulizi thamani, inauliza kama jina lipo. Jina lipo. Karani amefanya kama alivyoambiwa. Dawa ni kuandika `#if HAVE_STRLCPY`, kisha kujenga kwa `-Wundef` ili upigwe kelele kila unapouliza jina lisilofafanuliwa, kwa sababu ndani ya `#if` jina lisilojulikana huhesabiwa 0 kimyakimya. Ukikosea herufi moja tu, hutaambiwa.

Ukitaka kujua makro imefafanuliwa wapi, tumia `-dD` pamoja na `-E`. Hiyo inaziacha `#define` mahali pake, na alama za njia juu yake zitakuambia ni faili gani. Kwa `strlcpy` yenyewe kuna kinyume chake pia. Glibc 2.38 ya mwaka 2023 iliiongeza, na miradi iliyokuwa na `static` yake yenye jina hilo ikaanza kugombana na mfumo.

Hatua ya 6: makro zinazokula majina yako

Jaribu hii kwenye Linux:

    int linux = 5;

GCC itasema `expected identifier or '(' before numeric constant`. Namba? Namba gani? Ipitishe kwenye `gcc -E` utaona `int 1 = 5;`. Kwa desturi ya zamani, kompaila kwenye hali yake ya kawaida ya GNU hufafanua `linux` na `unix` kuwa 1. Ukijenga kwa `-std=c17` majina hayo yanaachwa, inabaki `__linux__`, ambayo ndiyo unayopaswa kuitumia kwenye masharti yako.

Lakini usikimbilie `-std=c99` au `-std=c17` kama dawa ya kila kitu. Ukifanya hivyo glibc nayo inaficha funksheni zisizo za kiwango hicho, na funksheni kama `strdup` zinageuka "hazijulikani". Zamani lilikuwa onyo tu na programu ilijengeka. Tangu GCC 14 ya mwaka 2024 ni kosa kamili. Ndiyo maana misimbo mingi ya zamani imegoma ghafla baada ya watu kusasisha mifumo. Tumia `-std=gnu17`, au weka `#define _GNU_SOURCE` mstari wa kwanza kabisa wa faili, kabla ya `#include` yoyote. Ukiiweka baada ya heda ya kwanza haina kazi, karani ameshapita.

Pacha wabaya kuliko wote kwangu ni `major` na `minor`. Zamani ukiingiza `sys/types.h` ulipata makro zenye majina hayo bila kuziomba, na darasa la C++ lenye `major(1)` kwenye konstrakta lilivunjika kwa ujumbe usioeleweka. Glibc 2.28 ya mwaka 2018 ikaziondoa pale, zikabaki `sys/sysmacros.h` peke yake. Nafuu kwa wa kwanza, balaa kwa wa pili: programu zilizozitumia kihalali zilianza kufa kwenye linka kwa `undefined reference to 'major'`. Inaonekana kama laibrari imekosekana, kumbe ni `#include <sys/sysmacros.h>` tu.

Vidogo vinavyopoteza usiku

Msimbo ulionakiliwa kutoka WhatsApp au Word huja na alama za kunukuu zilizopinda. Kompaila inazisoma kama `stray '\342' in program`. Zisake kwa `grep -nP '[^\x00-\x7F]' faili.c`. Makro ndefu yenye alama ya `\` mwishoni mwa mstari isifuatwe na nafasi. GCC itakuonya `backslash and newline separated by space`, na onyo hilo lisikilize. `configure` iliyopitia Windows huja na mwisho wa mstari wa kigeni na kutoa `bad interpreter`, `dos2unix` inatosha. Na ukiona inalalamikia kina cha `#include` kilichozidi 200, heda yako inajiingiza yenyewe: mtu amesahau ulinzi wa `#ifndef`, au amekosea jina lake.

Kabla hujamwita mtu

Ukishasakinisha kilichokosekana, usiendeshe `make` peke yake. Faili la `config.h` la zamani bado linasema kitu hakipo. Rudi mwanzo:

    make distclean; rm -f config.cache
    ./configure

Kwa CMake futa folda yote ya kujengea, maana `CMakeCache.txt` inakumbuka majibu ya jana.

Ikigoma tena, jenga kwa mkono mmoja ili makosa yasichanganyike, na uhifadhi kila kitu:

    make -j1 V=1 2>&1 | tee jenga.txt

Halafu tuma vitu hivi: `jenga.txt`, `config.log`, jibu la `gcc --version` na `uname -a`, na ile orodha ya folda ya hatua ya nne. Vyote ni maandishi, vibane kwa `xz` havitakula bando. Picha ya simu iliyopinda usitume, hasa saa nne usiku.